Maji Yapita Dukani kwa Severa

Severa ana kichwa kigumu, na hilo atakwambia mtu yeyote wa ule mtaa wa Kariakoo anakouza vitenge kwa jumla. Ukibishana naye bei, utaondoka umenunua zaidi ya ulivyokusudia, na bado utamshukuru. Mbele yake majirani wanamwita Mama Angela, kwa jina la bintiye. Akigeuka tu, wanamwita Mama Nimesema, maana akishasema, kasema. Ni mtu wa Kirua, kule Kilimanjaro, mwanamke mfupi mwenye mabega, na duka lake huwa wazi wakati wauza chai bado wanapuliza mkaa.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Mauza, moja ya nyumba chache za chini zilizobaki kati ya maghorofa. Bi Mauza babu yake alitoka Hadhramaut, na yeye anaishi humo humo, vyumba vya nyuma, vinavyotazamana na ua. Severa alipanga pale akiwa binti anayebeba majora ya kitenge kichwani. Tangu hapo wameuguzana na wamezikiana. Idi pilau huja dukani, Krismasi soda na keki huenda uani. Wakigombana hugombana kabisa, mpaka mtaa usikie, halafu jioni mmoja anampelekea mwenzake kashata.

Shida ya nyumba ile ilikuwa masika. Mtaa umeinama kidogo, kiasi ambacho jicho halioni ila maji yanaona. Mvua ikinyesha, maji ya mitaa ya juu yote yalikuwa yanakuja kujikusanya mbele ya nyumba ya Bi Mauza, yanazunguka pale yakitafuta pa kwenda, halafu yanajiingilia ndani. Wenye maduka walijua dawa moja tu, saruji. Huyu akanyanyua kizingiti, yule akanyanyua zaidi. Pantaleo, Mrombo anayeuza ndoo na beseni mlango wa pili, alikipandisha chake mpaka wateja wakawa wanaingia dukani kwake kama padri anapanda mimbarini. Na Severa, unadhani alikubali? Thubutu! Naye akaongeza tofali. Maji hayakuwa na ugomvi na mtu. Yalimruka mwenye kizingiti kirefu yakamwingilia mwenye kifupi, na mwaka uliofuata yakawaingilia wote. Majora ya Severa yaliloa mpaka rangi zikachuja, na godoro la Bi Mauza likatoka chumbani lenyewe.

Hapo Bi Mauza akachoka. Mpwa wake, Hussam, alikuwa keshapata mtu wa kuinunua nyumba, aivunje apandishe ghorofa. Bibi akamwita Severa uani, akamwambia bila kuzunguka.

"Mwanangu, mimi sina tena nguvu za kulala na maji. Nasubiri masika ya mwaka huu. Yakiingia tena vyumbani mwangu, namruhusu Hussam amalizane na yule bwana."

"Na mimi niende wapi, Bi Mauza?"

"Sijui. Kwani mimi najua nitakwenda wapi?"

Severa alirudi dukani. Aliogopa, tuseme ukweli. Duka lile ndilo lililomsomeshea watoto na kumjengea mama yake nyumba Kirua. Kumwondoa pale ni kumwambia aanze upya uzeeni, ghorofa ya tatu, kwenye kichumba ambacho mteja hakioni hata kwa bahati mbaya. Siku mbili hizo hakumpigia mtu kelele, mpaka Pantaleo akaja kuuliza kama anaumwa.

Jibu lilitokea uani, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Severa alikwenda kumsabahi bibi, akamkuta anakuna nazi huku anacheka peke yake, kashika kifuu kitupu mkononi.

"Shikamoo, Bi Mauza. Unachekea nini asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Nacheka utoto, mwanangu. Tulikuwa tukitupa vifuu hapo mbele, mvua ikinyesha, halafu tunakimbia huku uani kuvisubiri. Cha nani kitafika kwanza. Mama yetu alituchapa, lakini wapi!"

"Vinafikaje huku, na hapo katikati pana duka langu?"

"Duka lako lilikuwepo? Hapo ulipo palikuwa wazi, ni njia tu. Huku kote yalikuwa mashamba ya minazi. Babu alipokuja kujenga, Wazaramo waliokuwa wakitunza ile minazi wakamwambia, hapa usizibe, maji ya masika yana njia yake hapa kushuka bondeni Jangwani. Akawasikiliza, akaacha uwazi. Nyumba huku na huku, maji katikati. Babu alipokufa, baba mdogo akaona uwazi ule haumwingizii kitu, akaweka ukuta na mlango, akapangisha."

Severa alikaa chini, pale pale kwenye sakafu, na kitenge chake kipya.

Kwani yeye hakuzaliwa kwenye mambo hayo? Baba yake alikuwa mzee wa mfongo, ule mfereji wa asili ambao Wachaga wameurithi kwa mababu. Mungu aliuumba mlima, wazee wakauchora mistari. Walianzia juu msituni, wakayashika maji mkono, wakayatembeza ubavuni mwa mlima, wanayabembeleza kwenye kona, hawayalazimishi kupanda, hawayaachi yakimbie yakavunja kingo. Pale mlima ulipokataa, walizunguka. Pale ulipokubali, walichimba. Kila mvua ilipobadilisha kitu, nao wakabadilisha kitu, baba kwa mtoto, mpaka leo mtu akitazama migomba ile ya kijani anasema uzuri wa asili, kumbe ni kazi ya maji na watu, wamefinyanga mlima pamoja. Na sheria ilikuwa moja. Mfongo ukipita kihambani kwako, kwenye shamba lako la migomba, huuzibi, uwe mchoyo vipi. Unayapisha maji yaende kwa mwenzio.

Na yeye, binti wa mzee wa mfongo, kaja Kariakoo kaketi juu ya njia ya maji na kuongeza tofali! Alijicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bi Mauza," akasema, "nataka niyapitishe maji dukani kwangu."

Bibi aliweka nazi chini. "Severa, una wazimu? Mimi nakwambia maji yakiingia nauza, wewe unataka kuyafungulia mlango?"

"Yataingia kwa adabu, yatatoka kwa adabu. Nitachimba mfereji katikati ya duka, utoke ukutani, ukate ua, umwage kwenye mtaro mkubwa wa uchochoroni. Vyumba vyako hayatavigusa."

"Na yakivigusa?"

"Nitafunga virago mwenyewe. Nimesema."

Hussam alipopata habari alishika kichwa. Mtaa nao ukapata la kuongea. Eti Mama Angela anachimba mto dukani, mwakani atauza sato. Pantaleo alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Dada yangu, sisi Warombo ndio tunaoitwa wabishi. Leo umetuvua cheo." Severa akamjibu, "Cheka sana. Ukimaliza lete sururu."

Fundi alianza kubomoa sakafu asubuhi, na kila pigo la sururu lilikuwa kama linampiga Severa kifuani, maana sakafu ile aliimwaga kwa jasho lake. Saruji ilipokwisha ukaja mchanga. Mchanga ulipokwisha, sururu ikalia ngwa! Fundi akainama, akafuta kwa mkono, akaita.

Yalikuwa mawe. Mawe ya matumbawe, yamepangwa ubavu kwa ubavu na kushikwa kwa chokaa, yanatoka mlangoni yanaelekea uani, yameinama sawasawa na ule mtaa. Mfereji mzima ulikuwa pale chini, haujabomoka, umefukiwa tu. Severa alipiga magoti akayapitishia kiganja. Mtu asiyemfahamu alipanga mawe haya kwa mkono, kama vile baba yake alivyokuwa akipanga ya Kirua, na hao wawili hawakuwahi kuonana. Bi Mauza akaletwa na kigoda chake, akatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Ndipo hapo. Wallahi ndipo hapo hapo." Hussam alisimama nyuma yake, naye akainama kutazama.

Zikabaki taka. Mtaro mkubwa wa uchochoroni ulikuwa umejaa mifuko, chupa na tope la miaka, na huo hausafishwi na mtu mmoja. Jumapili moja, biashara ikiwa imepoa, Severa akasimama katikati ya mtaa, akapuliza filimbi. Baba yake alikuwa akipuliza pembe. Mfongo ukiharibika, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea analipa mbege, ile pombe ya ndizi. Severa alitangaza sheria ile ile, ila kwa kuwa pana Waislamu wengi, faini ni kreti ya soda. Watu walitoka wakicheka, lakini walitoka. Pantaleo alichelewa makusudi, akalipa kreti yake kwa maringo, halafu akavua shati akaingia mtaroni akachapa kazi kuliko wote. Mwisho wa mfereji, pale unapomwagia mtaroni, Severa aliweka wavu wa nondo. "Taka zetu zibaki kwetu," alisema. "Watu wa Jangwani wana ya kwao ya kutosha." Mwishowe akakibomoa kile kizingiti chake kirefu, akaweka mahali pake ubao wa kutoa na kurudisha. Juu ya mfereji akalaza mbao imara, wateja wapite.

Halafu wakasubiri mvua.

Ilikuja asubuhi ya Jumanne, biashara ikiwa moto. Anga liligeuka jeusi upande wa Ilala, upepo ukapiga maturubai, na mara moja ikashuka yote kwa pamoja. Wapita njia wakajibanza kwenye maduka. Maji yakaja kutoka juu yamebeba maganda na vumbi la mji mzima, yakajikusanya mbele ya nyumba kama desturi yao, yakazunguka, yakapanda. Bi Mauza alikuwa amekaa kwenye veranda ya uani, miguu juu ya kigoda, Hussam pembeni yake na simu mkononi.

Severa akapandisha kanga, akafanya ishara ya msalaba, akautoa ubao.

Maji yaliingia dukani kwa mguno. Yalifuata mawe, yakapita chini ya mbao, katikati ya majora ya kulia na majora ya kushoto, yakatokea uani. Watu wakapiga vigelegele. Kisha, ghafla, yakasimama. Yakaanza kurudi nyuma, yakapanda, yakalamba ukingo wa mfereji, kidole kimoja kutoka sakafuni. Kwenye ua yalifika ngazi ya kwanza ya chumba cha bibi. Hussam akainuka.

"Kuna kitu kimeziba!" Severa alipiga kelele. "Wavuni! Angalieni wavuni!"

Lilikuwa beseni. Beseni jekundu la duka la Pantaleo, limeponyoka mlangoni kwake, limepita na maji chini ya mbao, limejibandika kwenye wavu kama kifuniko. Pantaleo aliliona, akajua ni la kwake, na pale pale, na suruali yake ya kunyooshwa, akajitupa kwenye maji yakamfika kifuani. Alivuta, likagoma. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa matusi ya Kirombo, likang'oka, naye akaanguka chali. Maji yakanguruma. Yakashuka uani, yakashuka dukani, yakashuka mtaani, yanakwenda zake mtaroni bila kumsumbua mtu. Pantaleo aliibuka na beseni kichwani, na mtaa mzima ukamshangilia kama kafunga goli la fainali.

Sakafu ya Severa ilikuwa kavu. Maduka ya jirani yalikuwa makavu. Severa alisimama juu ya mbao zake, anayasikia maji yakipita chini ya nyayo, analia na kucheka, wala hakujali nani anamwona. Alitamani baba yake angekuwepo asikie sauti ile.

"Severa!" Bi Mauza aliita kutoka uani. "Njoo!"

Akaenda. Bibi akamkabidhi kifuu cha nazi, cha nazi aliyoikuna asubuhi hiyo hiyo, bado kina unyevunyevu. "Kapeleke mbele. Kidondoshe pale pale barabarani. Mimi nakisubiri huku."

Severa akapita dukani na kifuu chake, akatoka kwenye mvua, akainama, akakiachia. Kikazunguka mara moja, kikaona mlango, kikaingia. Kwenye ua bibi alikuwa ameshuka kwenye kigoda, amechuchumaa ukingoni mwa mfereji, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Kifuu kikatokeza chini ya ukuta. Bi Mauza akakidaka kwa mikono miwili, akapiga ukelele ambao haukuwa wa mtu wa umri wake.

"Cha kwanza! Changu ndio cha kwanza!"

Kisha akamgeukia mpwa wake, maji yakimchuruzika viwikoni, akauonyesha mfereji kwa kidevu.

"Hussam, mpigie yule bwana. Mwambie nyumba haiuzwi. Mpangaji wetu wa kwanza amerudi, na hahami."