Yer Moua na Chumba cha Mtaa wa Payne

Yer Moua alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alichokitaka duniani ni chumba. Si mume, si jumba. Chumba tu, chenye mlango wa kuufunga mwenyewe. Kwao, mjini Saint Paul, Marekani, kwa sisi Wahmong tuliokimbia vita vya Laos, dada watatu walilala kitanda kimoja, na baba yao, mzee Nhia Pao, alishatamka kwamba binti hutoka kwa babake siku moja tu, ya kuolewa. Yer akafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee miaka miwili, akapata chumba mtaa wa Payne. Jumamosi moja ya Novemba akaondoka na mfuko wa nguo. Baba alimpa mgongo.

Aliyempa lifti ni Tou Lue Lor, mfanyakazi mwenzake, rafiki tu. Theluji ikazidi, Tou Lue akapitia kwao kuchukua koleo la kuzolea theluji. Kitasa cha gari kibovu, mfuko ungeibwa, na baridi inauma. Yer akashuka na mfuko wake.

Hapo ndipo alipojiponza. Jamani, msichana wa Kihmong, mlangoni kwa kapera, na nguo zake mkononi! Kwetu huyo kaja kuolewa. Mzee Lor, babake Tou Lue, alikuwa amengoja mkwe mpaka amechoka. Hakuuliza kitu. Alichomoka na jogoo, akamzungusha juu ya vichwa vyao, akiiambia mizimu ya nyumba impokee bibi harusi.

"Baba, acha! Tumefuata koleo!" Tou Lue alipiga kelele. Masikio ya mzee yalibaki vitani, Laos.

"Karibu, mkwe wangu," alimwambia Yer, machozi yakimlengalenga. "Umechelewa wewe!"

"Mzee, sijaja kuolewa! Nahamia chumbani kwangu!"

"Eeh, chumba kipo, kipo."

Kufika saa tisa mchana, wajumbe wawili wa kina Lor walishaketi kwa mzee Nhia Pao, wakampa sigara, kama ilivyo desturi ya posa, na kumwambia asihangaike kumtafuta binti. Yer akaingia mbio wakati wanatoka.

"Baba, ni makosa! Muulize Tou Lue mwenyewe!"

"Jogoo kapita, hajapita?"

"Kapita, lakini..."

"Basi. Mizimu yetu imeshakuachia. Rudi kwa Lor uolewe kwa heshima. Ukienda kwenye hicho chumba, huna kwao, huna kwangu. Siku ukifa, maiti yako itatolewa mlango wa nani?"

Yer akamgeukia mama yake, aliyekuwa akichambua mboga. "Mama, sema basi!"

"Umevaa soksi ngapi?" mama akauliza, bila kuinua uso.

Yer alikwenda chumbani kwake. Alilia kwa hasira, maana yeye hakutaka mume, ila baba bado alimtaka.

Mwaka Mpya wetu ulipofika, mzee Nhia Pao alifungua mlango wa mbele asubuhi, akiwa na mayai na ubani, kuziita roho za watu wa nyumba yake. Huita kwa majina, mkubwa hadi mdogo. Yer, wa pili kuzaliwa, alikuwa amesimama barabarani.

"Mai, rudi nyumbani," mzee aliita.

Jina lililofuata lilikuwa la Yer. Alimwona Yer, asikudanganye mtu, walitazamana. Yer akajikuta amepiga hatua.

"Kia, rudi nyumbani," mzee akaita jina la mdogo wake Yer, na akaendelea mpaka kitindamimba. Kisha akafunga mlango. Yer akaenda zake kazini. Zamu ilianza saa nne.