Rababendi Tatu Shingoni mwa Chupa

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tangu niolewe hakuwahi kusifu chakula changu. Nasema hakuwahi, sisemi mara chache. Akija kula kwetu huonja kijiko kimoja, hufumba macho, hutulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, halafu hutoa hukumu. "Chumvi imechelewa." Au, "Kitunguu hiki kimekaangwa na mtu mwenye hasira." Na kweli nilikuwa na hasira, kwa sababu nilijua anakuja.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku moja anakula wali wangu ulioungua chini mpaka jikoni kuna moshi, anasema, "Wali mtamu, wifi." Niliweka mwiko chini. Nikajua kuna jambo.

Lakini ngoja nianzie dukani, maana huko ndiko anakojulikana. Ni duka la kujihudumia, si kubwa, lina milango miwili ya kioo na mmoja haufunguki. Wifi anapanga bidhaa. Rafu anayoipenda kuliko ndugu zake ni ile ya mwisho karibu na dirisha, ya salsa za chupa, zile sosi nzito za nyanya na pilipili zilizokatwakatwa, zenye vifuniko vya bati. Jua la alasiri likiingia, rafu nzima inawaka nyekundu na kijani na rangi ya machungwa, mpaka sakafu inapata rangi. Wifi husimama pale na kitambaa chake cha vumbi, macho yamekwenda mbali, utadhani kuna mtu anamngojea humo ndani ya chupa.

Maandishi ya kwenye chupa hayamdanganyi. "Kila mtu anaandika Kali Sana," husema. "Hata maji wangeyaandika." Kwa hiyo ikija sosi mpya, mwenye duka humpa chupa moja aonje, naye huzivalisha zilizobaki rababendi shingoni. Moja, hata mtoto atakula. Mbili, utatafuta leso. Tatu, aga kabisa nyumbani. Wateja humwita Bi Moto, na chupa isiyo na rababendi hawaigusi.

Ukali lakini kwake ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Ukali ni maumivu tu, husema, hata aliyepigwa kofi anajua limemuuma. Huweka sosi kidogo juu ya kipande cha mkate mtupu, hutafuna, hungoja. Hutazama moto umeanzia wapi, kwenye ncha ya ulimi, pembeni, au kule nyuma kooni, na kama unaondoka kwa adabu au mpaka ufukuzwe. Moto ukishatulia ndipo ladha hujitokeza, na hapo wifi hugeuka mtu mwingine kabisa. "Hii nyanya zake zimechomwa na maganda yake, ina alasiri ndani." "Hii kitunguu saumu kimeingia na viatu." "Hii... ni chumba kilichopakwa chokaa leo asubuhi, dirisha liko wazi, pazia linacheza."

Nilikuwa nikimcheka. "Wifi, hiyo ni nyanya, usiipangishe nyumba." Lakini mteja aliyesikia maneno yale aliichukua chupa taratibu, kama anabeba yai.

Halafu wifi akashikwa na mafua, yale mafua ya kulaza watu chali. Akapona. Akaja kwetu, akala wali ulioungua, akausifu.

"Umeonja nini hapo?" nikamuuliza.

"Wali."

"Wali wa namna gani?"

Akautazama kwenye sahani. "Mweupe," akasema.

Mume wangu akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi sikucheka.

Tulipokuwa tukiosha vyombo akanieleza. Tangu mafua pua imekufa. Chumvi anaijua, sukari anaijua, basi. Sabuni haina harufu, chai ni maji matamu ya moto, na mto wa kulalia hauna mtu. Pilipili ndiyo inafika vilevile. "Inachoma kama zamani," akasema, mikono iko ndani ya povu, "lakini wifi, ni moto unaowaka kwenye nyumba isiyo na watu."

Daktari alimwambia pua inaweza kurudi yenyewe, inaweza isirudi, ajizoeze kunusa kila siku.

"Na isiporudi?"

"Naiacha ile rafu. Siwezi kusimama pale nikiwauzia watu makofi." Akafuta mikono. "Usimwambie mtu."

"Mimi? Na mdomo huu?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Basi Jumapili mchana meza yangu ya jikoni ikawa rafu ya pili. Chupa zimepangwa, mkate umekatwa, mwanga wa dirisha umelala juu ya vifuniko. Yeye anahukumu ukali, mimi nahukumu ladha.

"Mbili," anasema. "Haya, wewe."

"Nyanya."

"Nyanya ipi?"

"Nyekundu, wifi, ipi tena?"

"Mbichi? Iliyochemshwa? Iliyochoka?"

"Imechoka kama mimi."

"Vizuri, endelea. Kitunguu saumu kiko mbele au nyuma?"

"Mbele. Kinapiga hodi huku kimeshaingia, kama mama mkwe."

"Mama mkwe wako ni mama yangu."

"Si ndiye huyohuyo ninayemsema?"

Maneno yangu akawa anayabeba kwenda nayo dukani. Siku moja fundi cherehani, mteja wake wa kila wiki, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Bi Moto, mbona siku hizi sosi zako zina matusi?"

Nami nikaanza kuharibika. Nilikuwa mtu wa kufua, kuanika, kuingia ndani. Sasa nikawa nasimama uani na shati lililolowa mkononi, nalinusa, najiambia hili lina mvua ya jana. Napita kwenye karakana ya seremala, miguu inasimama yenyewe kwa sababu ya vumbi la mbao. Watu wananisalimu, mimi niko mbali. Wifi naye alikuwa akiniambia ndoto zake. "Usingizini nanusa. Jana kilikuja kitunguu, wifi. Kitunguu kitupu, kinakaangwa chumba cha pili, mimi mtoto kitandani, sijui nani anapika. Nikaamka, nikahisi kama nimefungiwa mlango."

Kisha, Jumapili moja, akaonja salsa ya nyanya za kuchoma, akasema kabla yangu, "Moshi. Kwa mbali." Akaonja ya kitunguu saumu, akasema, "Kimeingia na viatu." Ikawa hivyo na Jumapili iliyofuata. Anapatia zote! Macho yanang'aa. Tayari alikuwa anapanga rafu kichwani.

Mimi sina bahati ya kufurahi moja kwa moja. Nilimwona, kabla ya kufumba macho, anaitazama chupa.

Jumapili nyingine kabla hajafika nikachukua zile mbili, ya moshi na ya kitunguu saumu. Zote nyekundu, zote rababendi mbili, chumvi yake sawasawa. Nikahamisha ya huku nikaitia kule. Nikateleka wali, nikakaa nikamngoja.

Akaja, akaitazama chupa ya nyanya za kuchoma, akaonja, akafumba macho. Uso ukalainika. "Huu hapa moshi," akasema polepole. "Wifi, nausikia. Kama mtu amepita na kuni mgongoni."

Kilichokuwa kwenye kijiko chake kilikuwa kitunguu saumu kitupu. Mdomo wangu haujawahi kukosa neno mbele ya mwanadamu. Siku hiyo ulikosa.

Akafumbua macho. "Umebadilisha."

"Nimebadilisha."

"Sikuwa nakudanganya," akasema. "Niliuona."

"Najua, wifi."

"Basi nilikuwa naota macho wazi." Akazivua zile rababendi kwenye chupa, moja moja, akazivaa mkononi. "Kesho namwambia mwenye duka atafute mtu mwingine."

Hapo neno likanirudia, tena likarudi na ndugu zake wote. Nilimwambia atakwenda kupanga nini, sabuni? Nilimwambia kwamba yule fundi cherehani ataungua koo kwa ajili ya kiburi chake. Nilimwambia mimi nimeharibika pua kwa ajili yake, nanusa mashati kama mwendawazimu, halafu yeye ndiye wa kukata tamaa? Yeye kanipa mgongo, anasuuza vijiko, mvuke unampanda usoni.

"Wifi," akasema.

"Usinikatize."

"Wifi, wali."

"Wali umefanya nini?"

"Unaungua."

Nikageuka. Sufuria imefunikwa, hakuna moshi wa kuonekana. Mimi mwenye pua nzima sikuwa nimesikia kitu. Nikafunua. Pembeni, chini kabisa, punje zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kugeuka kahawia.

Alikuja akainamisha uso juu ya sufuria, akakaa hapo muda mrefu, mvuke umemfunika kama shuka. Kisha akachukua chupa ambamo salsa ya moshi ilikuwa imejificha, akanusa, akangoja. "Mtaa wa pili kuna mtu anachoma majani," akanong'ona. Akanusa ile nyingine. Akatikisa kichwa. "Hapa bado hapana mtu."

Tukala. Alimaliza sahani yake, akasema, "Umeungua." Nikamwongeza.

Siku iliyofuata nikampelekea chakula dukani. Jua lilikuwa limeingia, rafu inawaka, naye yuko katikati ya rangi zile, rababendi bado ziko mkononi. Fundi cherehani amesimama mbele yake, anataka kujua kuhusu salsa ya kijani.

"Ukali nakwambia, rababendi tatu," wifi akamjibu. "Ladha siijui. Mafua yalinichukulia pua. Muulize wifi yangu huyu, mdomo wake mbaya lakini pua yake nzima."

Fundi akanitazama, akajua yale matusi yalitoka wapi, akacheka.

Wifi akainua chupa moja nyekundu, ile ya nyanya za kuchoma, akaielekeza kwenye mwanga. Akavua rababendi mbili mkononi, akaivalisha. "Hii lakini nakwambia mwenyewe," akasema. "Humu ndani kuna mtu mmoja amerudi. Amekaa mlangoni, anawasha kuni."

Fundi cherehani akaipokea kwa mikono miwili.