Darubini ya Marehemu Kaka

Kibanda cha fundi wa cherehani kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mtu mrefu huingia kwa kuinama. Wateja walizoea kuuona mgongo wake kabla ya uso. Mkewe alikuwa akisema, "Nikitaka kuzungumza na mume wangu, inabidi nijipake mafuta ya mashine kwanza." Fundi alicheka kwa pua tu, kisha akaendelea na bisibisi yake. Maneno yalikuwa mali ya kaka yake. Yeye alikuwa na kanuni moja ya kazi, nayo ilimtosha maisha yote: mashine nzima huzunguka kwa kidole kimoja. Iliyokaza ni mgonjwa, ilegeze.

Kaka huyo alikuwa karani wa posta, msemaji mpaka barua zikachelewa. Mtaani walimwita Mzee Mbingu kwa sababu ya darubini aliyoiweka kwenye chumba cha juu, kile chenye mlango wa kutokea kwenye sakafu ya paa. Ilikuwa bomba nene kama la maji machafu, kioo chake kimelala chini, na ubavuni karibu na mdomo wake kilisimama kibomba kifupi cha kuchungulia. Ukizungusha kigurudumu kando yake, kibomba hupanda au kushuka, na kile unachokitazama huwa wazi au huwa ukungu. Kila jioni baada ya kazi alipanda huko, akavua miwani yake mizito, akainama. Mkewe alibaki chini na redio. Kisha asubuhi moja Mzee Mbingu alianguka bafuni, akaondoka bila kuaga, yeye aliyeaga hata paka.

Miezi kadhaa ilipita. Siku moja shemeji yake fundi, mjane wa Mzee Mbingu, alikuja kibandani.

"Hujambo, bwana wa chini ya ngazi?"

"Sijambo, shemeji. Karibu, angalia kichwa."

"Kichwa nimekwisha kugonga. Ndiyo hodi ya hapa kwako, au siyo?"

Alikaa kwenye kibao, akanyoosha mikono yake mbele. Ilikuwa ikitetemeka kama majani. Daktari alikuwa amemwambia ukweli: haitapona, itazidi, na baadaye ugonjwa utafika mwili wote.

"Miaka yote hiyo alinikimbia kwenda kwenye lile bomba," alisema. "Nataka nione alichokuwa anakiona kabla mwili huu haujanisusa. Lakini nikishika kile kigurudumu, mwezi unaruka kama samaki kwenye kikaango. Cherehani zina mota. Nifungie mota na mimi."

Fundi alitaka kusema hapana, ila hapana pia ni neno, na lilimkwama.

Fundi alipanda chumba cha juu mchana, siku ya mapumziko. Koti la posta bado lilikuwa kwenye msumari, mabega yake yamejaa kana kwamba mtu yumo. Alichungulia kibombani, akaelekeza darubini kwenye mnara wa simu wa mbali. Ukungu mtupu. Akaelewa: kaka yake hakuwa akiona mbali, na bila miwani kibomba ilibidi kizame ndani zaidi kuliko kwa watu wengine. Hakuna aliyekigusa tangu afe. Pale kilipokuwa ndipo jicho la marehemu lilipokiacha.

Kabla ya kufungua chochote alichukua chaki yake ya kitambaa, akapiga alama kwenye kibomba kuonyesha mahali hapo. "Nisamehe, kaka," alisema kwa sauti, akashangaa kujisikia.

Mota aliitoa kwenye mashine ya kuchapishia iliyokufa, ndogo, yenye gia zake. Akaifunga kwenye kipande cha bati, akaiunganisha na kigurudumu kwa mkanda wa mpira wa cherehani, na waya mrefu ukaenda kwenye vitufe viwili ambavyo mtu angevishika mapajani bila kuigusa darubini. Mota iliguna, haikuzungusha. Akatafuta, akaona skrubu ndogo chini ya kibomba imekazwa sana. Akailegeza, kama alivyolegeza maelfu. Kigurudumu kikazunguka kwa kidole kimoja. Akaridhika.

Jioni hiyo mwezi mwembamba ulikuwa chini magharibi, mbele ya mlango ulio wazi, na mbingu bado ina mwanga; fundi akauelekezea darubini. Shemeji alikaa kwenye kiti, akainama, akabonyeza. Mota ikalia kama mbu. Kibomba kikapanda.

"Unakuja," alisema. "Shemeji, mwezi unakuja! Naona kama ukingo wa—"

Akaachia kitufe. Kibomba kikatulia kidogo, kisha kikaanza kushuka chenyewe. Polepole, bila sauti, kama mtu anayeketi. Kikafika kwenye alama ya chaki, kikasema *tk*, kikasimama.

Walitazamana. Akabonyeza tena. Kikapanda, kikangoja, kikarudi. *Tk.* Alama ileile.

Fundi alitaka kusema jambo la kifundi lakini macho yake yalikuwa kwenye koti msumarini.

"Ni yeye," alisema shemeji, wala hakuogopa. Uso wake ulikuwa umelainika. "Hata kitanda alikuwa haachi nikitandike. Kila kitu lazima kirudi alikokiweka."

Tangu siku hiyo hakuchungulia tena. Alipanda kila jioni, akabonyeza, akakitazama kibomba kikirudi, akazungumza nacho. Fundi naye hakukanyaga huko. Kibandani alikuwa akiisikia ile *tk* kwenye kila mashine, na mara mbili aligeuka ghafla akidhani kuna mtu nyuma yake mahali ambapo nyuma yake kuna ukuta.

"Shemeji yako anapeleka chai vikombe viwili juu," mkewe alimwambia. "Na hali chakula. Umemfungia mota au umemfungia jini?"

"Mota."

"Basi kamtazame. Maiti mmoja ametutosha mwaka huu."

Asubuhi iliyofuata mshonaji mmoja mnene alimrudishia cherehani yake kwa kelele. "Fundi, umeilegeza mpaka imekuwa mlevi! Nikiinua mguu wa kubana kitambaa, unashuka wenyewe!"

Fundi aliinua ule mguu. Ukateremka, polepole, bila sauti. Aliutazama ukiteremka mara ya pili na ya tatu, mpaka mshonaji akauliza kama ameugua.

Hakungoja jioni. Alipanda chumba cha juu, akaitafuta ile skrubu. Ilikuwa ya kukishikilia kibomba kisizame kwa uzito wake. Kaka yake aliikaza kwa kujua. Kisha akapitisha ukucha kwenye meno ya kibomba. Mahali pamoja yalikuwa yamelika, yamefanya kijishimo, maana kigurudumu kilisimama hapo jioni baada ya jioni, miaka na miaka. Gia ikifika hapo hudumbukia, na kibomba hutulia.

Alikaa na bisibisi mkononi. Angeikaza kimyakimya, shemeji angepanda jioni, angebonyeza, angengoja, na mumewe asingerudi. Angefiwa mara ya pili bila hata kuambiwa sababu. Angeiacha, angemkuta siku moja amekauka kwenye kiti hicho.

Shemeji alipoingia na vikombe vyake, mwezi ulikuwa tena mbele ya mlango. Fundi alisimama.

"Ni skrubu," alisema. "Niliilegeza mimi. Inashuka kwa uzito." Akakionyesha kibomba kwa bisibisi. "Inasimama pale kwa sababu ya meno. Yamelika. Hayo ameyala yeye, shemeji. Hayo ni kweli ni yake."

Chai ilikuwa ikimwagika kwenye visahani kwa ile mikono. Aliviweka chini.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiamkiana na skrubu."

Fundi aliifuta bisibisi kwa shati.

"Na hukuona vyema kuniambia mapema, kijana wa chini ya ngazi?"

"Sikujua. Na mimi niliogopa."

Alilia kidogo, bila kujifuta. Kisha akasema, "Kaza."

Fundi akakaza, robo baada ya robo, akijaribu mota kila mara, mpaka ikaweza kuvuta na kibomba kikaweza kubaki. Shemeji akainama. Kitufe kilibonyezwa, kikaachwa. Kibomba hakikushuka.

"Mwezi umetulia," alinong'ona. "Una makovu. Mashimo tele, na milima, na vivuli vyake." Alitazama kwa muda mrefu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Lakini yeye hayumo. Nenda chini, shemeji. Niache."

Fundi alishuka, akaketi kwenye ngazi gizani. Juu mota ililia kwa muda mfupi, kisha *tk*. Shemeji alikuwa amekirudisha kibomba mwenyewe kwenye kijishimo. Baada ya hapo ilisikika sauti yake, chini sana, kama ya mtu anayeongea na mwenzake kitandani. Fundi alishika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili. Sauti ikakoma. Fundi akainuka apande, akaketi tena.

Ndipo mota ikalia tena, kwa muda mrefu safari hii, kibomba kikipanda kutoka pale pa marehemu, na shemeji akaita kutoka juu, "Bwana wee, mbona umekaa huko kama popo? Njoo uone!"