Fundi wa Moja, Mbili

Fundi wa vipaza sauti hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimu, anakujibu kwa nyusi. Ukimuuliza swali, anafuta mikono kwenye suruali na kungoja swali liishe lenyewe. Mkewe alishazoea: mezani, mumewe akikohoa mara moja anataka chumvi, mara mbili ameshiba. Kila mwaka, kwenye tamasha la bure la muziki katika mitaa ya kale ya katikati ya jiji, fundi alitandaza nyaya juu ya mawe taratibu kama anayemlaza mtoto, akapanda jukwaani, akakiinamia kipaza sauti na kunong'ona, "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu hakuifikia kamwe. Alishuka mbio, utadhani jukwaa linaungua.

Mwaka huu mwimbaji alikwama vichochoroni, umati umemzibia njia, na uwanja ukaanza kupiga miluzi. "Sema chochote, kaka, watatupiga chupa!" mratibu alimsihi. Fundi akapanda, jasho likimtiririka. "Moja," akasema. "Mbili." Mpiga ngoma akadakia, watu wakaitikia, na punde si punde uwanja mzima ukawa unacheza moja, mbili, hata bibi vizee madirishani wakigonga masufuria. Mkewe, aliyesimama mbele kabisa, akashika kiuno.

"Jamani!" akapaza sauti. "Mimi mwenzenu nyumbani hata hiyo moja siisikii!"

Uwanja ukaangua kicheko. Fundi akamtazama, akafuta mikono kwenye suruali, akakisogelea tena kipaza sauti.

"Tatu," akasema, na kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mkewe.