Meza ya Chapati Iliyokwenda Kulenga Shabaha

"Haitoki!"

"Inatoka, baba!"

"Nimesema haitoki! Meza gani inatembea mjini kama mtu?"

Mwanangu Abbasi alikuwa ameikalia meza yangu ya chapati kama kuku anayeatamia. Binti yake Shamila alikuwa amelikumbatia guu moja la meza na kulivuta. Mimi nilikuwa pembeni kwenye kigoda, nachambua mchele, nimefurahi kuliko mwenye harusi.

"Mama, mwambie mjukuu wako," Abbasi akasema.

"Mjukuu wangu yupi? Huyo ni mke mwenzangu. Ya wake wenza wewe yanakuhusu nini?"

"Unaona? Wewe ndiye umemharibu."

"Mtoto aliyezaliwa kwenye treni anaharibiwa na nani? Alishatikiswa, akamalizika."

Shamila akacheka na mikono ikamlegea, na Abbasi akaona ameshinda. Akasimama, akavaa makobazi yake, akatunyooshea kidole sote wawili na meza ya tatu.

"Nisikilizeni. Mimi ni mchukuzi wa stesheni. Nimebeba magodoro, nimebeba mizinga ya asali, nimebeba mbuzi wa watu huku ananilamba sikio. Lakini mzigo wa gemu sibebi. Siku mtakayoniona na ngata yangu ya kubebea mizigo kichwani, nimekuja kuibeba meza hii kwa ajili ya gemu, siku hiyo ndiyo nimemruhusu Shamila kwenda Mwanza. Kabla ya hapo, asiniulize."

Akatoka. Na Abbasi ninavyomjua mimi niliyemzaa, neno lake halirudi hata ulivute kwa kamba.

Habari ya Mwanza ilikuwa hivi. Majidi, mwenye kibanda cha gemu hapa hapa mtaani kwetu Chemchem, alikuwa anakusanya vijana watano wa kwenda kushindana na wenzao wa Mwanza katika gemu ya kupiga risasi kwenye kompyuta. Wanne walikwishapatikana. Nafasi ya tano walikuwa wanaigombea wawili: Shamila wangu, na Lugembe, kijana wa Usinge anayeleta asali mjini. Alasiri ile ile wangekutana ana kwa ana kwenye gemu, na atakayeshinda ndiye angepanda treni.

Sasa nikuambie Shamila ni nani, maana wapo wanaomjua kwa chapati tu.

Mama yake alishikwa na uchungu ndani ya treni ya kutoka Mwanza, tulipokuwa tunaingia Bukene. Nikampokea mimi, kwa mikono hii. Alitoka amefumba jicho moja kama mtu anayelenga, na kidole cha shahada amekinyoosha. Dereva alipopewa habari akapiga honi kwa furaha, honi ndefu, hadi ng'ombe wote wenye mimba wa Nzega wakazaa siku ile ile. Usiponiamini nenda kawaulize ng'ombe.

Akakua. Alipofika umri wa kusimama mwenyewe akairithi meza yangu, akawa anakaanga chapati barazani tangu alfajiri. Waendesha bodaboda wanakula kwake, walimu wanakula kwake, hata sheikh anatuma mtu. Kwa Majidi alikuwa anapeleka chapati tu. Siku moja akakuta mchezaji mmoja amekwenda kuswali, kiti kitupu, akakaa akajaribu. Tangu hapo akageuka kunguru: akifukuzwa anarudi.

Lakini alikuwa hapigi kitu! Nilikwenda mwenyewe kumtazama. Katikati ya kioo cha kompyuta pana kimsalaba kidogo, na kimsalaba hicho ndicho macho ya bunduki. Ukisogeza mausi mkononi, nacho kinasogea. Adui anatokea pale mlangoni, Shamila anashtuka, anatikisa kiganja, kimsalaba kinampita adui, kinampita mlango, kinafika Kigoma! Akikirudisha, kinakwenda Dodoma. Adui amesimama palepale, anamsubiri kwa heshima. Mwisho anachoka kusubiri, anampiga yeye. Vijana wakawa wanamwita Bi Kuta, maana risasi zake zote zilikuwa za ukutani.

Mwingine angesusa. Shamila akamkalia Majidi kooni mpaka akamfundisha.

"Kwanza," Majidi akamwambia, "punguza spidi ya mausi. Umeiweka ya juu mno, ndiyo maana ukipiga chafya kimsalaba kinahama mkoa. Halafu sogeza mkono mzima, kuanzia begani. Kiganja kiachie kazi ndogo ya mwisho. Na hiyo mausi usiikabe, haijakuibia."

Akampa na laptopu kuukuu ya kufanyia mazoezi nyumbani, isiyo na herufi nyingine, kama mdomo wangu usivyo na meno mengine.

Basi ndipo meza ilipoingia. Spidi ikishashushwa, mkono unataka uwanja. Ukitaka kugeuka nyuma ndani ya gemu ni lazima uipeleke mausi toka huku hadi kule, kama unakunja nguo. Nyumba nzima hakuna palipofaa ila meza yangu ya mninga, ambayo imesukumiwa chapati tangu Abbasi anatambaa. Unga na mafuta vimeingia humo mpaka imekuwa laini kama shavu la bibi harusi. Chapati za asubuhi zikiisha anaifuta, anaweka laptopu, anaanza kupiga vidoa vinavyotokea kwenye kioo. Polepole. Majidi alimkataza haraka: "Kwanza usikose. Haraka itakuja yenyewe."

Mimi nami nikawa mwalimu. Nikamwambia zamani nilipokuwa naamia ndege kwenye mpunga, nilikuwa nabana pumzi kabla ya kuachia kombeo. Akabana pumzi. Akabana, akabana, akaanguka na kigoda. Tangu siku hiyo masomo yangu akawa anayasikiliza kwa sikio la upande mwingine. Lakini jambo moja tuliligundua bila kutaka: nikimtania, anacheka, na akicheka mkono unalegea, na mkono ukilegea hakosi. Akikunja uso tu, Kigoma.

Kwa hiyo alasiri ile ilipokaribia, akasema hawezi kwenda kucheza kwenye vimeza vya Majidi vya kubanana, kiwiko kwa kiwiko. Majidi akasema lete meza yako hata kama ni kitanda. Abbasi ndiye mchukuzi, na Abbasi ndiyo hivyo kakataa.

"Bibi, tufanyeje?"

"Tubebe wenyewe, mke mwenzangu. Sisi ni wajukuu wa nani?"

Maana babu yangu mimi alikuwa mpagazi wa msafara. Alibeba piano ya Mzungu mmoja mpaka Ujiji, na njiani akajifunza kuipiga kwa visigino bila kuitua. Nikamwambia Shamila akamwite Julieth, jirani yetu, mwanamke wa mabega. Walipokuwa wanajifunga vitambaa kiunoni, mimi nikafanya wema wangu. Nikaiangalia meza, nikaona haya. Kitu cha kwetu kiende mbele za watu na magamba ya unga? Nikachukua mchanga na majivu, nikaisugua, nikaisugua hadi mninga ukaonekana kama ulitoka msituni jana. Nikaimwagia maji, jua likaikausha.

Tukatoka. Wao wawili wamebeba, mimi niko mbele naimba, watu wa Chemchem wanatoka milangoni. "Bibi, mnahama?" "Hatuhami, tunakwenda vitani!" Watoto wakatufuata, mafundi viatu wakatufuata, mpaka tunafika kwa Majidi tulikuwa msafara kweli.

Lugembe alikuwa amekwishakaa, ametulia kama mtu aliyezoea nyuki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mungu akujalie afya njema, akunyime ushindi."

Akacheka hadi akajifuta macho.

Mchezo ukaanza, na loo, Shamila alikuwa kama hakuwahi kujifunza! Raundi ya kwanza, Lugembe. Ya pili, Lugembe. Mausi inakwama, inakwaruza, inaruka. Vijana wakaanza: "Bi Kuta karudi! Bi Kuta na samani zake!"

Shamila akapitisha kiganja juu ya meza. Akanigeukia taratibu.

"Bibi. Umeifanya nini meza?"

"Nimeisugua. Ulitaka iende kwa watu chafu?"

"Bibi!"

"Nimeisugua vizuri sana, kwa mchanga!"

Akaweka mikono kichwani. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Anacheka hana sauti, anapiga magoti yake. "Majidi," akasema alipopata pumzi, "bibi yangu ameosha meza pamoja na bahati yangu."

Majidi akamtazama Lugembe, maana kanuni ni kanuni, na mchezo ulikwishaanza. Lugembe akavua vile visikilizio vya masikioni.

"Mwacheni atengeneze meza yake. Kwetu Usinge hatumshindi mtu aliyefungwa mikono. Hana utamu."

Julieth alikuwa amekwishakimbia nyumbani. Akarudi na kikombe cha unga na mafuta kwenye kifuniko. Nikapaka mafuta kidogo, nikakausha kwa pindo la kanga, nikanyunyiza unga kama wa kusukumia chapati moja tu, nikaupangusa. Shamila akaipitisha mausi toka huku hadi kule. Ikaenda kama taarifa ya msiba.

Hapo ndipo ulipopaswa kuwepo. Lugembe anatokea dirishani ndani ya gemu, tap! Anatokea ngazini, tap! Mkono unakwenda wote, kiganja kinamalizia. Vijana walioita Bi Kuta wakawa wanajifanya wanatafuta viatu vyao. Wakalingana, ikabaki raundi moja ya kuamua mwenye kwenda Mwanza.

Na Shamila akakunja uso. Nikaona mabega yanapanda masikioni, vidole vinaikaba mausi. Nikajua tunakwenda Kigoma.

"Mke mwenzangu!" nikapiga kelele. "Hivyo ndivyo ulivyomkaba marehemu mume wetu hadi akafa mikononi mwangu! Mwachie apumue!"

Banda zima likacheka, na yeye akatabasamu, lakini bega halikushuka. Mara nje ya pazia la mlango sauti ya mwanaume ikasema kwa nguvu, ile sauti ya wachukuzi wanapoinuliana mzigo:

"Legeza bega, utavunjika!"

Nikatazama chini ya pazia. Palikuwa na makobazi mawili ninayoyafahamu, maana moja nililishona mimi. Nikameza kicheko changu kizima kizima.

Bega likashuka. Shamila akasogea hadi kwenye kona ya jengo ndani ya gemu, na kimsalaba akakiweka pale pale kichwa cha mtu kitakapotokea, asiwe na safari ndefu. Akangoja. Lugembe akatokea kwa kasi. Mkono wa Shamila ukasogea kiasi cha kufuta chembe ya unga.

Tap.

Sitaki kuongeza chumvi, lakini mabati ya Majidi yaliinuka na kushuka. Lugembe akasimama, akampa Shamila mkono, akaja kunipa shikamoo ya pili. Majidi akaandika jina la Shamila ukutani kwa chaki, la tano. Kisha ubishi ukaanza upya: nani atairudisha meza? Julieth kashika kiuno, anasema yeye mgongo umekwisha. Vijana wanasukumana. Shamila furaha imeanza kumtoka usoni, anautazama ukuta wenye jina lake kama mtu anayetazama chakula cha jirani.

"Baba hatakubali, bibi," akaninong'oneza.

"Hebu nyamazeni," nikasema kwa sauti, jicho langu liko chini ya pazia. "Mnajua aliyemfundisha kulenga ni nani? Ni mimi. Siku moja kule Igunga nilikuwa naamia mpunga, wakaja ndege wakaziba jua. Nikachukua jiwe moja tu, nikaliweka kwenye kombeo, nikalizungusha, nikalizungusha, nikaliachia, na lile jiwe likapanda juu, likapanda, hata likafika—"

Pazia likafunguka. Abbasi akaingia bila salamu, kichwani amevaa ngata.

Jiwe langu likabaki hukohuko angani.