Kijiti cha Mwanzi na Mteremko wa Sachangwan

Nakumbuka asubuhi ile Bwana Salim alipozamisha kijiti ndani ya tangi la lori, akakitoa, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Mwanangu, mimi nimetazamwa na watu wengi, wengine na bunduki mkononi, maana ilikuwa miaka ya hamsini na barabara zilijaa askari. Lakini jicho la Bwana Salim siku ile ndilo lililonichoma.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulilalamika kwamba gari lako linakunywa mafuta kupita kiasi. Ulimlaumu fundi, ukailaumu serikali, ukailaumu na bei. Mimi nilicheka moyoni tu. Sasa kaa nikwambie.

Bwana Salim alikuwa mfanyabiashara wa Bondeni, hapa Nakuru. Wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Alikuwa na lori moja tu, na mimi nilikuwa dereva wake kwa miezi mitatu. Nilipanda Molo kuchukua viazi, nikavileta sokoni. Kabla yangu lori hilo liliendeshwa na Mzee Makokha kwa miaka mingi, mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Mshale wa petroli ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo tulipima kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa alama kwa kisu. Mzee Makokha alipokuwa akirudi kutoka Molo, kijiti kililowa mpaka alama ya tatu. Nikirudi mimi, kililowa ncha tu.

"Petroli yangu yaenda wapi, Josefu?"

"Inaisha kwa barabara, Bwana."

"Barabara ni ile ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako." Akakifuta kijiti polepole. "Nakupa safari moja. Ukirudi hivi, niachie ufunguo, na wenzangu wakiniuliza sababu nitawaambia."

Elewa uzito wake. Madereva wengine waliuza petroli njiani, na kila mtu alijua. Mimi sikuwahi kuuza hata kijiko. Lakini Nakuru ulikuwa mji mdogo, na ningetoka kwa Bwana Salim na jina la mwizi, hakuna ambaye angenipa hata mkokoteni nisukume. Na kule Lanet mama yangu mjane alikuwa akijigamba kwa majirani kwamba mwanawe ni dereva.

Kwa safari hiyo, Bwana Salim alimtuma Mzee Makokha apande nami. Nilijua maana yake: mpelelezi. Mzee akapanda na blanketi lake, akasema, "Haya, twende," na hakusema tena mpaka Molo.

Nami nilijionyesha kama kawaida yangu. Nilikuwa kijana wa shati jeupe, mwanangu, na viatu vizito vilivyong'aa. Mlimani nilikanyaga mafuta hadi injini ikalia. Kwenye vizuizi vya askari niliiacha ingurume. Pale Molo, magunia yalipokuwa yakipakiwa, niliiacha ingurume vile vile, muda wote ule, kwa sababu lori lile liliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele, na sikutaka wasichana wa sokoni wanione nimeinama natoka jasho. Mzee alitafuna mahindi yake ya kuchoma.

Nilikuwa na hila yangu moja nimeitunza ya kurudi. Tulipofika juu ya mteremko wa Sachangwan nikaondoa gia, nikazima injini, nikaliacha lori liteleze lenyewe na viazi vyake vyote. Nikajiambia, hapa hata tone halitaungua, na kijiti kitanitetea.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu, upepo tu masikioni. Kisha mzigo ukaanza kutusukuma. Nikakanyaga breki, zikashika. Nikakanyaga tena, zikashika kidogo. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, na mara ya tatu mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga uji. Mbele yetu mtu alikuwa akivusha ng'ombe wake barabara. Nilimwita mama yangu, sioni haya kusema.

Mkono wa Mzee Makokha ukaja juu ya wangu, kwenye gia.

"Washa swichi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Klachi. Tia ya juu. Achia pole."

Lori likashtuka, injini ikanguruma, likaanza kujizuia lenyewe. "Sasa ya tatu. Pole. Sasa ingia hapo kwa majani." Tukaparuza ukingo, magunia mawili yakaanguka, tukasimama. Ng'ombe wa mwisho alikuwa karibu kiasi kwamba alilamba taa yetu.

Mimi hata kufungua mlango kulinishinda. Mzee alishuka, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, akaketi kwenye nyasi.

"Kijana, wewe unauza petroli ya Bwana Salim?"

"Haki ya Mungu, Mzee, siuzi."

"Najua huuzi. Mwizi hawezi kutaka kujiua kwa sababu ya petroli ya kujaza kikombe." Akacheka peke yake. "Wewe si mwizi. Wewe ni mjinga, na hiyo iko na dawa."

Basi tukingoja breki zipoe, nilipewa dawa yangu. Aliyapiga teke matairi, moja baada ya jingine. "Hii iko laini, hii iko laini. Unavuta lori kama mtu anavuta ng'ombe kwa matope. Upepo uliangalia lini?" Sikukumbuka. Akanifungulisha chujio la hewa, nikalikung'uta, likatoa vumbi la kutosha kupanda maharagwe. Akaniuliza minyororo na vyuma chakavu nilivyobeba nyuma ni vya nini. Sikujua. Nilivikuta, nikaviacha. Mwisho akanitazama miguuni.

"Toa hiyo viatu."

"Mzee?"

"Toa. Mguu yako haijui inakanyaga nini."

Nikaendesha mpaka Nakuru miguu mitupu, mimi na shati langu jeupe, na kila nilipokanyaga kwa nguvu alinigonga goti kwa gunzi la mahindi. "Ona mbali," alisema. "Ukiona kizuizi huko mbele, toa mguu sasa. Mbona unakimbilia mahali utasimama?" Asiyeona vizuri ndiye aliyenifundisha kuona mbali.

Jioni Bwana Salim alikuja na kijiti chake. Kililowa ncha tu, maana ujinga wa asubuhi haufutwi na busara ya alasiri. Akanyoosha mkono apokee ufunguo, nami nikautoa mfukoni. Mzee Makokha akasimama katikati yetu.

"Bwana, huyu hajaiba. Mpe safari ingine. Akishindwa, mimi pia usinifungulie mlango yako tena."

Bwana Salim akakitazama tena kijiti. Kisha akaurudisha mkono wake. Safari iliyofuata tulijaza upepo, tukashusha vyuma, nikazima injini penye kusimama, nikazungusha hendeli mbele ya wasichana wote wa Molo, nikashuka Sachangwan nikiwa ndani ya gia. Kijiti kikalowa mpaka alama ya tatu na kupita. Bwana Salim alikifuta polepole. Alikiweka mikononi mwangu, akaenda kuswali.

Lile lililonilaza macho nililijua mwaka mmoja baadaye, kwa mama mboga mmoja. Mzee Makokha alikuwa na mwanawe wa kuzaa, dereva aliyefuzu, aliyekaa nyumbani akingoja kazi. Bwana Salim alikwisha kumwahidi lori lile nikifukuzwa. Mzee alitakiwa kunyamaza tu, mwanangu. Kunyamaza tu. Nilimwendea nikiwa na machozi, akaniambia, "Mtoto wangu atapata lori ingine. Jina yako ungetoa wapi ingine?"

Basi sikia nasaha yangu. Kabla hujamlaumu yeyote, jitazame mguu wako. Pima upepo wa matairi, safisha chujio, shusha usichokihitaji, zima gari unaposimama kupiga soga, ondoka taratibu, na uone mbali ili usikanyage mafuta na breki kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Ila usitafute akiba kwa kuliachia gari mteremkoni bila gia, maana hiyo si akiba. Petroli iliyokuwa ikipotea ilikuwa ikiliwa na majivuno yangu, na kweli yalikuwa nguoni mwangu, kwenye shati lile jeupe. Na siku utakapoona kijana anasingiziwa, nawe unajua ukweli, usinyamaze hata kama kimya chako kina faida.

Kijiti kile kiko nyuma ya mlango wangu mpaka leo. Kichukue, ni chako. Mungu akupe mguu mwepesi na jicho la mbali, akufikishe kila uendako, na akuwekee Mzee Makokha wako kwenye kiti cha pembeni.