Niliandika Amina kwa Masika bila kuuliza ni Masika gani

Admin, tafazali ficha jina yangu, juu batu ya kwetu banasomaka hii page, na kanisani banakaaka nyuma yangu. Niko mama ya miaka makumi tatu na munane, naishi Butembo, mu Bulengera, niko na bwana na batoto batatu. Nauzishaka bitenge ku simu. Napiga picha, naweka mu bagroupe, batu banaagiza, motard anapeleka na piki-piki yake. Donc nilijipa ruhusa ya kukaa ku simu kutoka asubui mpaka kulala. Bwana yangu akilalamika, namujibu: "Na hii chakula unakula inatoka wapi?" Anarudilia sahani yake.

Sisi Banande munatujua. Mutoto mwanamuke wa kwanza mu nyumba, mara mingi anaitwa Masika. Mu groupe ya famille yetu tuko batu karibu mia, na ba Masika ndani sijui hata ni bangapi. Mais Masika wangu miye ni dada yangu mukubwa, ndiye naitaka yaya. Mama alikufa nikiwa na miaka tano, yaya akaacha masomo juu ya kunilea. Alinibeba mugongoni mpaka batu ku soko balifikiri niko mutoto wake wa kuzaa. Leo iko Mutwanga na bwana yake, banalima kakao.

Siku moja nilikuwa naonyesha bitenge mu direct, video batu banaangalia palepale, message ikaingia mu groupe ya famille: "Masika amepasuliwa tumbo, iko Beni ku hôpital, tumuombee." Nikafikiri ni Masika ule anaishi Kayna, mutoto wa baba mukubwa, juu ule anagonjwaka kila mara. Nikaandika "Amina, Bwana amuponye," nikaweka mikono ya kuomba tatu, nikarudilia bitenge yangu. Sikuuliza. Ile semaine, juma ile nzima, numéro moja nisiyoijua ikaniita mara mingi. Nikakata, nikakata. Nilisema ni client wa kuomba punguzo.

Kisha semaine tatu ikaita tena, ile siku nikaitika. Kumbe ni shemeji, bwana ya yaya. "Tumerudi nyumbani," akasema. "Masika ametoka ku hôpital." Na miye, na roho safi kabisa, nikamuuliza: "Masika gani?"

Kisha akasema pole pole: "Masika wako."

Nilisikia aibu mpaka mu mifupa. Akanielezea kama simu yao iliharibika, alikuwa anaazima ya batu. Yeye mwanaume ndiye alikuwa garde-malade, wa kuchunga mugonjwa, anasonga bugali ku jiko ya hôpital katikati ya bamama, anafua bitenge ya bibi yake. Bale bamama balikuwa banamuuliza yaya: "We dada, hauna ndugu mwanamuke?" Na yaya anabajibu kila siku: "Mudogo wangu iko njiani, barabara ndiyo imemuzuia." Butembo na Beni, jameni, ni karibu tu! Mu ile semaine tatu bitenge yangu ilifika Beni mara mbili.

Munazani nilimuomba shemeji musamaha? Nilidanganya. "Hata miye nilikuwa nalala. Malaria, na typhoïde juu yake." Kesho yake yaya mwenyewe akaniita, sauti imekauka, analia juu yangu: "Mudogo wangu, pole sana! Na hakuna mutu alinijulisha!" Kisha siku chache akanitumia kuku na motard, ati nipate nguvu. Yeye na kidonda ku tumbo! Ile kuku tuliikula. Hata miye nilikula.

Labda ningesahau. Mais siku ya yenga iliyopita, siku ya Mungu, kanisa yetu ilionyesha batoto film ya dessin animé, ile ya kuchorwa. Nilikaa nyuma, simu ku mukono. Ilikuwa famille moja ya bapanya, kila mumoja na simu yake. Koko wao, ule muzee aliyezaa bazazi, anaanguka mu shimo, maji inapanda, anabaandikia. Bao banamutumia mioyo nyekundu. Koko anaona zile mioyo zinaingia moja moja, maji imemufika ku shingo, na anashukuru kila mumoja: "Aksanti, mwanangu. Aksanti, mwanangu." Batoto balicheka sana. Miye pia nikacheka. Halafu binti yangu wa miaka munane akageuka, akauliza na nguvu mbele ya bote: "Mama, juu ya nini habaende kumutoa?"

Nilitoka inje, nikajifanya kama nasikiliza audio. Sijui ile film iliisha namuna gani.

Sasa sikieni shida yangu. Yaya anatayarisha shukrani mu kanisa yao kule Mutwanga. Anataka tusimame sisi babili, tuvae kitenge ya namuna moja, tushuhudie vile Mungu alituponya wakati moja. Amekwisha kuambia muchungaji. Bwana yangu nilimuambia kweli yote, naye anasema: "Nyamaza, kidonda yake haijapona, utamumaliza." Mais kusimama mbele ya Mungu na ule uongo, naogopa. Na nikisema kweli, yaya atajua kama wakati alikuwa ananitetea mbele ya bale bamama, miye nilikuwa naita mu simu: "Hii imebaki moja tu, nani anataka?"

Ndugu zangu, munipe shauri. Nimuambie mbele ya ile siku, ao nisimame naye nishuhudie? Mukitaka kunitukana munitukane, mais munijibu. Nyinyi batu maelfu mumekwisha kujua mbele yake, na tangu yaya atoke ku hôpital, miye sijaenda kumuona hata siku moja.